Jina Lililoachiwa Mto

Ko.

Sauti moja tu, kisha kimya. Mwalimu Tobia aliketi kitandani akatega sikio. Aliijua sauti ile, kama anavyoijua kila aishiye kando ya Mto Tana: ni kafi ikigonga ubavu wa mtumbwi. Lakini mto ulikuwa nyuma ya nyumba yake. Sauti ilitoka mbele, na mbele hapakuwa na kitu ila kanisa.

Kulipokucha alivuka uwanja akaingia. Ulikuwa mwaka wa 1897, na kanisa la Ng'amboni, mkabala wa Kulesa, lilikuwa na umri wa mwezi mmoja: kuta za udongo, paa la nyasi, msalaba wa miti miwili iliyofungwa kwa kamba, na mikeka ya kuketi watu arobaini wakibanana. Karibu na mlango lilisimama birika la ubatizo, gogo la mkuyu lililochongwa tumbo lenye kina cha mkono. Jioni iliyopita Mwalimu alilipangusa kwa kitambaa mpaka likakauka. Sasa lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Maji yalinuka matope na samaki, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, tamu, iliyomrudisha hatua nzima nyuma: harufu ya mafuta ya simsim, yale ambayo akina mama wa pale huwapaka watoto wachanga.

Gumato, aliyekuwa akifagia kanisa kila asubuhi, alisimama mlangoni na ufagio wake.

"Nani amejaza maji hapa?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi nafagia, Mwalimu. Kujaza si kazi yangu. Labda paa linavuja."

"Mvua haijanyesha siku arobaini."

"Basi paa letu linavuja jua," alisema Gumato, akacheka peke yake, akaja kuchungulia. Kicheko kilimkatikia kooni. "Mwalimu," alinong'ona, "maji haya yanakwenda."

Yalikuwa yanakwenda kweli. Ndani ya gogo lile lisilo na mlango wala tundu, maji yalikuwa yakipita polepole kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kama mto.

Birika lile lilikuwa limetumika mara moja tu. Padre wa misheni ya Kiingereza alikuja kutoka pwani siku ya kulifungua kanisa, akawabatiza watu wawili, akaondoka. Mwalimu Tobia alikuwa mfundishaji tu, na ruhusa ya kubatiza hakuwa nayo. Wa kwanza alikuwa mume wa Gumato, mkulima mwenye mabega mapana na mdomo wa mzaha. Wa pili alikuwa mtoto mchanga, mwana wa Godhana mchonga mitumbwi na mkewe Tuneya. Padre alitaka kuwapa majina mapya. Mwalimu ndiye aliyemsihi asifanye hivyo.

"Jina alilopewa mtu na mamake halina dhambi, Padre," alisema. "Mwache aingie nalo."

Alikuwa na sababu yake. Yeye aliibwa bara akiwa mdogo mno, akauzwa mara mbili, akaokolewa, akalelewa Freretown karibu na Mombasa, na huko ndiko alikopewa jina la Tobia. Jina aliloitwa na mamake hakulijua. Alipokuwa peke yake aliwahi kujaribu kulikumbuka, kama mtu anayepapasa gizani kutafuta mlango katika nyumba isiyo yake.

Kwa hiyo Padre aliuliza jina la kila mmoja, na watu wale wawili walibatizwa kwa majina yao wenyewe, yakatamkwa kwa sauti juu ya maji, yakaandikwa katika daftari la kanisa.

Siku ya tatu baada ya sauti ile, jua likiwa utosini, Gumato alisimama ukingoni mwa shamba la mpunga amwite mumewe aje kula. Alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"We!" aliita mwishowe. "We, baba! Wewe!"

Jirani yake alicheka. "Leo mmegombana? Humtaji hata jina?"

"Nataka kumtaja," Gumato alisema, akamshika jirani mkono. "Nitajie wewe. Nitajie jina la mume wangu."

Jirani alifungua kinywa, akakifumba. Wakatazamana. Wakauliza shamba la pili, na la tatu, na hapakuwa na mtu aliyelikumbuka jina la mwanamume aliyezaliwa pale, akatahiriwa pale, akaoa pale. Na yeye mwenyewe, walipogeuka kumtazama, alikuwa ameliacha jembe lake limesimama udongoni akielekea mtoni, hatua kwa hatua, bila haraka, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Akaingia hadi magoti, hadi kiunoni, na mamba waliokuwa wamelala kwenye mchanga wa ng'ambo wakainua vichwa wakamtazama bila kusogea, kama wageni wanaongoja mwenyeji aanze kula.

Wanaume sita walimtoa. Walimuuliza alikuwa anakwenda wapi.

"Nimeitwa," alisema.

"Na nani?"

"Na mwenye jina langu."

Walimfunga kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba yake. Mwalimu alikimbilia daftari la kanisa. Karatasi nzima ilikuwa kavu, ila mistari miwili. Mistari miwili ilikuwa imelowa, na wino umekuwa doa la bluu lisilosomeka. Akasimama pale, kalamu mkononi, akijaribu kukumbuka maneno mawili aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Mstari wa pili ulikuwa wa mtoto.

Tuneya alikuwa amekwisha kujua. Tangu asubuhi alikuwa akimwita mwanawe "baba" na "kipenzi" na "moyo wangu", akiyazunguka majina haya kama mtu anayezunguka shimo. Mtoto alikuwa na miezi mitano tu, umri wa kuketi kwa kuegemezwa. Lakini mchana ule alipomlaza kwenye mkeka akageuka kukoroga sufuria, aliposikia mchakacho na kutazama nyuma, mtoto alikuwa amefika kizingitini, amelala kifudifudi, anajivuta kwa vidole, kimya, macho wazi, uso umeelekea mtoni.

Alimfunga mgongoni kwa kanga mbili. Hakumshusha tena.

Usiku wa siku ya tano kamba ya mume wa Gumato ilikatika. Haikukatwa na kisu wala meno. Ilioza, kamba mpya, kama kitu kilichokaa majini miaka. Nyayo zake zilionekana hadi kwenye maji, na hazikurudi. Jina lake halimo katika hadithi hii, kwa sababu hakuna aliyebaki nalo.

Baada ya hapo kila mtu pale Ng'amboni alijua nani anayefuata.

Mzee Dhadho, mkuu wa baraza la wazee na mganga wa kitongoji, alikuja kanisani na wenzake wanne. Hakuingia. Alisimama nje, fimbo mkononi, akanusa hewa.

"Mwalimu, birika hilo mmelichonga kwa mti gani?"

"Mkuyu, mzee. Kazi ya Godhana."

"Najua ni mkuyu. Nauliza mkuyu upi."

Godhana alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa fundi mkubwa, mtu wa maneno machache, na maneno hayo machache yalimtoka kama msumari unaong'olewa.

"Ni mtumbwi," alisema. "Ni tezi la mtumbwi ule, sehemu yake ya nyuma."

Wazee walirudi nyuma wote kwa pamoja. Tuneya peke yake ndiye aliyesogea mbele.

"Uliniambia uliuchoma," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini.

"Nilishindwa. Miaka saba uko kichakani, umefunikwa, na kila nikipita nauona. Mti haukuoza hata kidogo. Walipokuja kuomba gogo la birika, nilisema... nilitaka kitu chake kiingie mahali pa baraka. Basi. Yeye mwenyewe hakupata hata kaburi."

Mwalimu alikuwa mgeni, ikabidi aelezwe. Miaka saba nyuma, Godhana na Tuneya walikuwa na binti wa miaka sita, mtoto wao wa kwanza. Alikuwa ameketi kwenye tezi la mtumbwi wa babake alipochukuliwa, mchana kweupe, na maji hayakurusha hata tone. Mwili haukupatikana. Mwaka huo mto ulikuwa umechukua watu tisa. Baraza likaketi, likafanya yale ambayo wazee wa pale walirithi kwa wazee: likauachia mto jina. Mzee Dhadho alisimama kwenye ukingo akayaambia maji, "Mchukue na jina lake, liwe lako, tusilidai, nawe usituchukue tena." Tangu siku hiyo jina lile halikutamkwa. Tuneya, ambaye desturi ilimpa haki ya kuitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, hakuitwa mama wa mtu yeyote. Aliitwa mke wa Godhana.

"Na mto ulitimiza," alisema Mzee Dhadho. "Miaka saba, Mwalimu. Hakuna hata mmoja. Nina wajukuu sita wanaooga pale. Kisha ninyi mkachukua mti unaokaliwa na jini wa mto, mkauweka ndani ya nyumba ambamo majina ya watu yanatangazwa juu ya maji. Mmemtengea sahani!"

"Nini kifanyike, mzee?"

"Jumapili tutachoma jengo hili. Birika lirudi mtoni. Na jina la mtoto huyu tuliache huko liliko, kama tulivyoacha la kwanza. Mto utatulia."

"Na mwanangu?" aliuliza Tuneya.

Mzee hakumtazama. "Atafungwa kamba."

"Kamba ya mume wa Gumato ilikuwa nene kuliko mkono wako."

"Mke wa Godhana, usinifanye niseme maneno ambayo sitaki kuyasema."

"Yaseme! Miaka saba nimenyamaza kwa ajili ya wajukuu wako. Yaseme nami nisikie."

Mzee Dhadho alifumba macho. Alikuwa mzee, na hakuwa mtu katili. "Mmoja," alisema taratibu, "kwa wote."

Mwalimu Tobia alikuwa akilitazama birika. "Mzee," alisema, "ulipompa jini jina la binti yule, alikuambia usilitamke tena?"

"Sharti lake ni hilo."

"Mimi niliibwa, mzee. Wale walionichukua walituchapa tukiita majina ya nyumbani. Mwenye mali hana haja ya kuwanyamazisha watu. Mwizi ndiye anayetaka kimya."

"Wewe ni mtoto wa watu wa mbali. Mto huu huujui."

"Mto siujui. Wizi naujua."

Mzee alimwonyesha Tuneya kidole. "Jina la bintiyo likitoka kinywani mwako, maagano yamevunjika. Atakayechukuliwa, damu yake iko kwako." Kisha akaondoka na wenzake, na wote watano walipita mbali na ukingo.

Jumamosi, jua likitua, Mwalimu aliingia kanisani peke yake akitaka kulibeba birika alitoe nje. Alilikumbatia, akavuta. Halikusogea, lilikuwa zito kama lina mizizi. Uso wake ulikuwa karibu na maji, na harufu ya simsim ilimjaa puani, na hapo ndipo sauti ilipomfikia, sauti ya mtoto wa kike, ya upole, ikitoka chini kuliko gogo lenyewe lilivyoweza kuwa na chini.

"Tobia si jina lako."

Mwalimu aliacha kuvuta.

"Ninalo lako pia," ilisema sauti. "Mamako alilia nalo kwenye ukingo wa mto mwingine, na mito yote ni ndugu. Alikuita siku tatu. Unataka kusikia alivyokuita? Kesho kaa kimya tu. Usiulize neno, usimsaidie yule mwanamke, na jioni nitakunong'oneza, nawe utajua wewe ni nani."

Tobia alibaki ameinama, mikono imelikumbatia gogo, na maji yakipita mbele ya macho yake kutoka kusikojulikana kwenda kusikojulikana. Na ndani ya maji, mbali kabisa, alisikia au alidhani anasikia mwanamke akiita, silabi mbili, tatu, akapinda shingo ili sikio likaribie, na sikio likakaribia, na ncha yake ikagusa maji, na maji yalikuwa na uvuguvugu kama kinywa.

Akajinyofoa. Aliangukia mikeka, akahema.

"Mamangu ataniambia mwenyewe," alisema kwa sauti iliyokatika, "siku nitakapomwona. Sitalinunua kwako."

Maji yalicheka, au yaligonga tu ukuta wa gogo. Ko.

Jumapili asubuhi walikuja kusali watu kumi na mmoja. Wengine wote walisimama nje, mbali, na mbele yao Mzee Dhadho na baraza lake, kila mmoja na mwenge wa nyasi kavu.

"Salini," Mzee alisema mlangoni. "Mkimaliza yenu, nasi tutamaliza yetu."

Tuneya aliketi mbele, mtoto mgongoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa siku nne bila usingizi. Gumato aliketi kando yake, amevaa kaniki ya msiba. Godhana alisimama nyuma, karibu na birika alilolichonga.

Mwalimu alianza. "Bwana awe nanyi."

"Na awe rohoni mwako," wakaitika watu kumi na mmoja.

"...rohoni mwako," ikaitika sauti ya kumi na mbili, nyuma yao, imechelewa kidogo.

Watu watatu waliinuka wakatoka mbio. Mtoto mgongoni mwa Tuneya, aliyekuwa amelala, alianza kupiga mateke, akijipinda kuelekea kule ilikotoka sauti. Mafundo ya kanga yalianza kulegea. Tuneya alishika fundo kwa mkono, akahisi kitambaa kinamvunjikia vidoleni, laini, kimeoza.

Aliinuka. Hakukimbilia mlango. Alikwenda moja kwa moja kwenye birika.

"Niulize," alimwambia Mwalimu. "Niulize kama alivyouliza Padre."

Swali hilo lilikuwa la padre, na Mwalimu alikatazwa kuliuliza. Aliliacha daftari, akaja, akasimama upande wa pili wa gogo. Maji yalikuwa yamepanda juu ya mdomo wa birika bila kumwagika, yamesimama kama nyama inayopumua.

"Usiulize!" alipiga kelele Mzee Dhadho kutoka mlangoni. "Mwanamke, nakuapiza!"

Ndipo maji yakasema na Tuneya peke yake, ingawa wote walisikia. Yalisema kwa sauti ya binti aliyemwimbia usingizi miaka sita, akamlilia miaka saba.

"Mama. Nyamaza tu. Nyamaza kama ulivyonyamaza siku zote, nami nitakurudishia wa mgongoni. Nitakupa jina lake sasa hivi. Wewe baki na mmoja, mimi nibaki na mmoja. Mimi nimekwisha kuzoea, mama. Huku si kubaya."

Mwili wote wa Tuneya uliyumba. Gumato alimshika kiuno.

"Usimsikilize," Gumato alinong'ona. "Mume wangu naye alizoea? Kwa siku mbili? Usimsikilize, dada."

Kanga ya kwanza ilichanika. Tuneya alizungusha mkono nyuma akamkamata mtoto mguu, na mkono wa pili akauzamisha ndani ya birika hadi kwenye kiwiko, na kitu fulani ndani kikaushika, kidogo, chenye vidole vitano, baridi, kikavuta.

"Mimi ni mama wa wawili," alisema. "Sikuja sokoni hapa. Uliza, Mwalimu!"

Mwalimu Tobia aliuliza, na sauti yake ilijaza kanisa, ikatoka nje ikawafikia walioshika mienge: "Mtoto huyu aliye majini. Jina lake ni nani?"

Tuneya alifungua kinywa na maji yakatoka, maji ya mto, ya matope, yakamwagika kifuani mwake. Akatapika, akavuta pumzi, akafungua tena, na tena yakatoka, na mkono ule mdogo ukavuta akazama hadi begani, shavu likagusa maji, na nyuma yake Godhana akamshika, na Gumato akamshika Godhana, wakavuta kama watu wanaotoa mtumbwi kwenye tope, na mtoto mgongoni akilia sasa, analia kwa sauti, kilio cha kwanza kwa siku nne. Na nje Mzee Dhadho, mwenge umemwangukia miguuni, midomo yake ikicheza, kwa kuwa jina lilikuwa limemfikia hata yeye kwenye ncha ya ulimi, jina alilolitupa kwa mkono wake mwenyewe, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ba," alisema Tuneya.

Maji yalishuka kidole kimoja.

"Barwa," alisema, na gogo likalia, mpasuko ukakimbia kutoka mdomo wa birika hadi chini, na sauti ndani ikapiga kelele, haikuwa tena sauti ya mtoto, haikuwa sauti ya kitu chochote kilichowahi kuwa na mama.

Alisimama wima, mkono wake ukatoka majini umefumbwa, umeshika vidole vile vidogo, na akalisema lote, kwa sauti ya mwanamke anayeita watoto waje nyumbani kula:

"Barwako! Barwako binti Godhana, dada yake Guyo, huyu wa mgongoni!"